Kupangisha Nyumba kwa Shirika Linalohifadhi Wanyonge: Mambo ya Kuzingatia Kikula

Mwenye nyumba wa Kikula anayepangisha kwa familia hujua anashughulika na nani, kwa kuwa anayetia saini ndiye anayelala ndani, ndiye anayelipa, na ndiye atakayefungasha vitu vyake siku ya kuondoka. Mambo hubadilika anayeomba nyumba anapokuwa shirika linalotaka kuwaweka humo watoto waliotoka mitaani, wanawake waliotendewa ukatili, familia zilizokimbia vita au watu wenye ulemavu wasio na ndugu. Hapo anayetia saini ni mwakilishi wa shirika, anayelipa kwa kweli ni mfadhili aliye mbali, na anayelala ndani ni mtu ambaye jina lake halimo katika mkataba. Matatizo mengi ya upangishaji wa namna hii huzaliwa na mgawanyiko huo, na ndiyo maana ushauri unaotolewa katika makala hii unaelekea kwenye shabaha moja: siku fedha za mradi zitakapokwisha, mkataba uwe umeshasema wakaaji watapelekwa wapi, na nani, na kwa gharama ya nani.

Mahitaji ya nyumba za aina hii katika mji wa Likasi nchini Kongo (DRC), ambao Kikula ni mojawapo ya komini zake nne pamoja na Likasi, Panda na Shituru, yana mizizi mirefu. Mji huo, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulijengwa juu ya shaba na kobalti, na kwa miongo mingi kampuni ya Union Minière, kisha Gécamines iliyorithi migodi yake, ndiyo iliyotoa mishahara, nyumba, shule na matibabu kwa familia za wafanyakazi. Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, kinga hiyo iliporomoka pamoja nayo, na mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia mwaka 2003 na 2004, uliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika Katanga nzima, ambao wengi wao walibaki na nyumba kama mali yao kubwa kuliko zote. Kabla ya hapo, kuanzia 1992, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao na kukaa kwa miezi katika kituo cha reli cha Likasi wakisubiri treni, na baadaye mapigano ya Mitwaba na Pweto, upande wa kaskazini, yalisukuma familia nyingine kuelekea miji ya kusini. Historia hiyo inaonyesha kwamba makazi yanayoitwa ya muda hudumu kuliko yalivyokadiriwa, na kwamba makadirio ya shirika lolote kuhusu muda wa wakaaji wake yanapaswa kupokelewa kwa tahadhari.

Kumtambua mpangaji na kazi yake

Mashirika yanayotafuta nyumba kwa kazi hii ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ASBL, yaani chama kisichotafuta faida, ambalo ndilo umbo la kisheria la mashirika mengi ya misaada ya kienyeji. Ya pili ni mashirika ya kimataifa yanayofanya kazi nchini kwa makubaliano na serikali. Ya tatu ni kampuni za biashara, kwa mfano kampuni ya uchimbaji au mkandarasi wake, inayopanga nyumba ili kuziweka familia zilizohamishwa au kusaidia kituo inachokifadhili. Matumizi ya nyumba nayo hutofautiana. Kituo cha mpito ni nyumba ambamo mtoto hukaa kwa majuma au miezi huku familia yake ikitafutwa. Nyumba salama ni ile ambayo mahali pake hufichwa ili mtu aliyemkimbia mtesaji wake asifuatwe. Na nyumba ya pamoja ya wazee au ya watu wenye ulemavu mara nyingi haina tarehe ya mwisho, kwa sababu wakaaji wake hawatarajiwi kuhamia kwingine. Mwenye nyumba anapaswa kuuliza mapema ni ipi kati ya hizo inayokusudiwa, kwa kuwa ya kwanza huchakaza nyumba kwa wingi wa wanaoingia na kutoka, ya pili hudai usiri na ulinzi, na ya tatu hufanya kuvunja mkataba kuwa jambo zito kuliko kawaida.

Uhalali wa shirika huthibitishwa kwa hati, wala hauthibitishwi kwa gari lenye nembo au fulana za wafanyakazi. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia vyama visivyotafuta faida, inaweka utu wa kisheria, yaani uwezo wa chama kuingia mkataba, kumiliki mali na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe, mikononi mwa Waziri wa Sheria, baada ya maoni ya wizara inayohusika na kazi ya chama. Kwa hiyo ASBL inapaswa kuonyesha katiba yake iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali pamoja na hati ya wizara, na kampuni ya biashara inapaswa kuonyesha namba yake ya RCCM, yaani daftari la biashara, pamoja na namba yake ya kodi. Katiba ya chama ndiyo inayosema nani ana mamlaka ya kutia saini. Mratibu wa mradi, hata awe na cheo kikubwa, hana mamlaka hayo kama katiba haimpi na kama hana barua ya uwakilishi kutoka kwa wenye nayo. Chama ambacho bado hakijapata utu wa kisheria hakifai kuwa mpangaji, na kikikubaliwa kwa sababu maalumu, basi viongozi wake watie saini kama wadhamini kwa majina yao binafsi.

Hati ya pili ni ya kazi yenyewe. Kwa upande wa watoto, Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inataka mtoto aliye katika hali ngumu awekwe katika familia au katika taasisi ya kijamii, ya umma au ya binafsi, iliyoidhinishwa, na ofisi inayofuatilia mambo hayo mahali ni Divisheni ya Mambo ya Kijamii, inayojulikana kwa kifupi DIVAS. Kwa upande wa wakimbizi waliotoka nchi nyingine, Sheria namba 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 imeiweka kazi hiyo chini ya Tume ya Taifa ya Wakimbizi. Mwenye nyumba anayepokea watoto katika kiwanja chake bila ofisi yoyote ya serikali kujua hana pa kushika jambo baya likitokea, na shirika linalokataa kuonyesha idhini yake limekwisha kumjibu swali alilotaka kuuliza.

Hati ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni ya fedha. Shirika liombwe barua au ukurasa wa mkataba wa ufadhili unaoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumalizika kwa mradi, pamoja na uthibitisho kwamba pango, yaani malipo ya kupanga nyumba, limo katika bajeti. Hakuna haja ya kuonyeshwa bajeti nzima, kwa kuwa tarehe mbili na mstari mmoja vinatosha kwa kazi hii. Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi Januari 2025, Marekani, ambayo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, iliposimamisha misaada yake ya nje, na miradi iliyokuwa na mikataba halali ikasimama ghafla kwa uamuzi uliofanyika mbali na ofisi zilizokuwa zimetia saini. Shirika linaweza kuwa aminifu kabisa na bado likashindwa kulipa. Uaminifu wa mwakilishi na uhai wa mfadhili ni mambo mawili, na mkataba uandikwe kwa kuzingatia hilo la pili.

Sheria inayotawala mkataba

Upangishaji nchini Kongo una mikono miwili ya kisheria, na kosa la kutotofautisha mmoja na mwingine hugharimu baadaye. Mkono wa kwanza ni Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangishaji usio wa kikazi, hasa nyumba za kukaa. Mkono wa pili ni sheria ya pamoja ya OHADA, jumuiya ya nchi za Kiafrika zenye sheria moja ya biashara ambayo Kongo ilijiunga nayo Septemba 2012, na sheria hiyo husimamia majengo yanayotumiwa kwa biashara, ufundi au kazi nyingine ya kitaaluma. Tofauti yake ni kubwa, kwa kuwa chini ya OHADA mpangaji aliyeendesha kwa muda wa miaka 2 shughuli iliyotajwa katika mkataba hupata haki ya kudai mkataba ufanywe upya, na mwenye nyumba anayekataa bila sababu inayokubaliwa na sheria huweza kutozwa fidia ya kumwondoa.

Nyumba inayohifadhi watu huweza kuanguka upande wowote kutegemea jinsi inavyotumiwa, hasa shirika linapoweka ofisi katika chumba cha mbele na vitanda katika vyumba vya nyuma. Kwa sababu hiyo mkataba useme kwa maneno ya wazi matumizi ya nyumba ni yapi: kwamba ni makazi ya watu wanaohifadhiwa na shirika, kwamba chumba kimoja tu kitatumiwa na wasimamizi, na kwamba ofisi ya kupokea umma haitafunguliwa humo bila makubaliano mapya ya maandishi. Vilevile mkataba useme kwamba shirika haliruhusiwi kuipangisha nyumba hiyo tena kwa mtu au chama kingine, jambo ambalo hutokea shirika moja linapomkabidhi mwenzake mradi, na mwenye nyumba akajikuta na mpangaji ambaye hakumchagua. Mkataba uliotiwa saini upelekwe katika ofisi ya makazi ya komini ili uthibitishwe, kwa kuwa ofisi hiyohiyo ndiyo itakayosikiliza pande mbili zikitofautiana, kabla shauri halijafika mahakamani.

Haki ya mwenye nyumba juu ya nyumba yake

Shirika makini litadai hati za mwenye nyumba kama yeye anavyodai zake, na ni afadhali upungufu ugunduliwe mapema na mwenyewe. Kwa Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya dola, na raia hupewa haki ya kuitumia ambayo huthibitishwa kikamilifu na hati ya usajili inayotolewa na msajili wa hati za ardhi. Lakini viwanja vingi katika makazi ya kawaida ya mji hushikiliwa kwa karatasi nyepesi zaidi, kama vile hati za komini au za mauziano, na baadhi ya nyumba zilizokuwa za kampuni zilihamia kwa wafanyakazi wa zamani kwa njia ambazo hazikufikishwa hadi mwisho katika ofisi ya ardhi. Karatasi hizo haziharamishi kupangisha, ila mkataba uzitaje kama zilivyo, bila kuahidi hati isiyokuwapo.

Hatari kubwa zaidi iko katika nyumba za urithi. Mzee aliyeacha nyumba huacha watoto waliotawanyika Likasi, Lubumbashi, Kolwezi na kwingineko, na mmoja wao aliyebaki kwenye kiwanja hujiona ndiye mwenye uwezo wa kupangisha. Nyumba ambayo mirathi yake haijagawanywa ni ya warithi wote kwa pamoja, kwa hiyo watie saini wote, au msimamizi wa mirathi aliyekubaliwa atie saini akiwa na kikao cha familia kilichoandikwa. Na ikiwa nyumba ni ya wanandoa, mume na mke watie saini wote wawili. Ugomvi wa warithi ukizuka shirika likiwa na watoto 12 ndani, hautabaki ugomvi wa familia tu, kwa sababu kila upande utadai pango, na shirika, kwa kuogopa kumlipa asiyestahili, halitamlipa yeyote.

Pango, dhamana na kodi

Wenye nyumba wengi hupandisha bei mara wanapoona mpangaji ni shirika. Hesabu hiyo ina udanganyifu ndani yake, kwa kuwa pango kubwa la miezi 8 linalofuatwa na miezi 4 ya nyumba tupu na matengenezo huweza kuwa dogo kuliko pango la kawaida lililolipwa mwaka mzima. Njia bora ni kuanza na pango ambalo familia ingelipa kwa nyumba ileile, kisha kuongeza kiasi kinachoelezeka: uchakavu unaotokana na wingi wa watu, maji na taka zaidi, na kazi ya usimamizi. Kiasi kinachoelezeka ndicho mfadhili hukubali, na ndicho kinachoweza kutetewa mbele ya ofisi ya makazi. Kama pango linahesabiwa kwa dola na kulipwa kwa faranga za Kongo, mkataba utaje ni kiwango kipi cha kubadilisha kitakachofuatwa, cha siku ya malipo na cha benki ipi, na malipo yapitie benki au yaandikiwe stakabadhi.

Dhamana, ambayo wapangaji wa Katanga huiita garanti, ni fedha anazoweka mpangaji ili zifidie uharibifu au deni. Kwa nyumba za kukaa sheria ya 2015 imeweka ukomo wake kuwa miezi 3 ya pango, ingawa desturi ya kudai miezi mingi zaidi ingali hai katika miji ya Kongo. Mwenye nyumba anayevuka ukomo huo hujitia udhaifu pasipo sababu, kwa maana shirika lina mwanasheria, na siku ya ugomvi kosa hilo litatangulizwa mbele ili kufunika makosa yake. Usalama wa ziada upatikane kwa njia nyingine, yaani kwa kulipwa pango la kila robo mwaka mwanzoni mwake, ili wakati wote kuwe na majuma ya kutosha kati ya malipo yaliyokosekana na deni.

Kuhusu kodi, mpangaji aliye shirika au kampuni humleta mwenye nyumba katika macho ya ofisi ya mapato. Kodi ya mapato ya upangishaji, iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 Februari 1969 na ambayo sasa ni ya jimbo, katika utaratibu wake uliozoeleka ni asilimia 22 ya pango. Mpangaji hukata asilimia 20 kila anapolipa na kuipeleka serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba, naye mwenye nyumba humalizia sehemu iliyobaki anapotoa tamko la mwaka. Kwa pango la dola 400, kwa mfano, mkononi hufika dola 320, na asiyejua jambo hili huamini kwamba shirika limemwibia dola 80. Mkataba useme kama pango lililotajwa ni kabla au baada ya makato, na shirika litoe kila mara hati ya malipo ya kodi iliyokatwa, kwa sababu bila hati hiyo mwenye nyumba huweza kudaiwa tena fedha ileile. Viwango na tarehe huthibitishwa na DRHKAT, ofisi ya mapato ya Haut-Katanga, mwaka wenyewe wa mkataba.

Nyumba na idadi ya watu

Nyumba iliyotosha familia ya watu 7 huweza kuombwa ibebe watu 25, na mkataba usiotaja idadi umekwisha kuiruhusu. Vipimo vya kuamulia vipo. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada yenyewe yameukubali duniani kote kama kiwango cha chini, unataka kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kukaa na kulala, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 20. Nyumba yenye vyumba vitatu vya mita 3 kwa 4 ina mita za mraba 36 za kulala, na kwa hiyo inabeba watu 10, wala haibebi 25. Watu hao 10 wanahitaji lita 150 kila siku, na bomba la REGIDESO, shirika la maji, likikauka siku tatu mfululizo, matangi ya lita 450 ndiyo yatakayoamua kama watateka maji safi au ya kisimani. Mwenye nyumba anayetumia vipimo hivi huzungumza lugha ambayo mfadhili anaielewa, na ombi lake la tangi au choo cha pili huwa sehemu ya bajeti badala ya kuonekana tamaa.

Maji na vyoo havistahili kupuuzwa Kikula. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika Haut-Katanga, na eneo la afya la Kikula limekuwa miongoni mwa maeneo yanayoguswa. Ugonjwa huo hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na nyumba yenye watu wengi wanaotumia shimo moja, hasa katika masika yanayojaza mashimo, ni mahali pa kuusambaza kwa haraka. Kabla ya funguo kutolewa, kisima kama kipo kiangaliwe umbali wake na choo, shimo lipimwe limebakiwa na nafasi kiasi gani, na mkataba useme nani analipa kulitoa uchafu na kila baada ya muda gani. Bili za umeme za SNEL na za maji za REGIDESO zilizotangulia zilipwe na mwenye nyumba, na mita zisomwe mbele ya pande zote mbili siku ya kukabidhiana.

Siku hiyo iandikwe pia hati ya hali ya nyumba, yaani maelezo ya chumba kwa chumba ya kuta, milango, vitasa, vioo, mabati, nyaya na mabomba, pamoja na picha zenye tarehe, zikitiwa saini na wote wawili. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika nyumba ambamo wakaaji hubadilika kila mwezi hakuna kumbukumbu nyingine itakayosema mlango ulivunjika lini. Kama wakaaji ni watu wenye ulemavu, ambao haki zao zimepewa nguvu na Sheria ya kikaboni namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, njia ya mteremko mahali pa ngazi, vishikio chooni na milango mipana vijengwe kwa gharama ya shirika, na mkataba useme kama vitabaki au vitaondolewa mwishoni.

Wakaaji na majirani

Wakaaji si wapangaji wa mwenye nyumba, na mipaka hiyo ilindwe na pande zote. Mwenye nyumba anastahili kujua idadi yao, kundi lao na umri wao kwa jumla, lakini hana haki ya kujua majina, historia wala magonjwa yao. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, usiri huo umelindwa na Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008. Ukaguzi wa nyumba ufanywe kwa taarifa ya saa 48 na mbele ya msimamizi, isipokuwa kwa moto, bomba lililopasuka au hatari nyingine isiyosubiri. Picha za wakaaji zisipigwe hata kidogo. Kwa upande wake shirika liahidi kwa maandishi kwamba msimamizi aliye mtu mzima atalala ndani kila usiku, kwamba watoto na watu wazima wasio na undugu hawatachanganywa vyumbani, na kwamba namba moja ya simu itajibiwa wakati wote.

Kuna jambo moja linalofanywa kwa huruma na kuleta madhara: kupokea pango kutoka mkononi mwa mkaaji. Shirika likichelewa, mama anayehifadhiwa huweza kujitolea kulipa kidogo ili asifukuzwe, na stakabadhi atakayopewa itasomeka baadaye kama ushahidi wa mkataba mpya wa mdomo kati yake na mwenye nyumba. Toka hapo shirika litadai kwamba limekwisha kutoka, na mkaaji atakuwa na haki za mpangaji bila uwezo wa mpangaji. Vivyo hivyo, uharibifu udaiwe kwa shirika, kamwe usidaiwe kwa mtoto au mgonjwa aliyeusababisha, na mkataba utofautishe uchakavu wa kawaida, ambao hakuna anayeulipia, na uharibifu wa uzembe, ambao hukatwa katika dhamana.

Majirani nao wana sehemu yao. Katika kiwanja chenye wapangaji kadhaa wanaotumia bomba moja na choo kimoja, nyumba ya namna hii haifai, na nyumba salama haifai kabisa, kwa kuwa siri haikai mahali ambapo watu 15 huteka maji pamoja. Mkuu wa mtaa ajulishwe kuwapo kwa kituo, na kwa nyumba salama taarifa iishie kwake na kwa maofisa wanaohusika. Katika vituo vya kawaida ni bora shirika lijitambulishe kwa majirani mapema kuliko kuziachia tetesi nafasi, kwa sababu watoto waliotoka mitaani hushukiwa kwa kila kinachopotea, na mwenye nyumba ndiye anayegongewa mlango wa kwanza.

Kuandika mwisho mwanzoni

Sehemu ya mkataba inayostahili saa nyingi kuliko zote ni ile inayohusu kuondoka, na iwe na mambo manne. Kwanza, muda wa mkataba usizidi muda wa ufadhili, na kila nyongeza iandikwe baada ya barua mpya ya mfadhili kuonyeshwa. Pili, shirika liahidi kutoa taarifa mara linapojua kwamba fedha zitasimama, hata kama siku ya pango bado, na si chini ya siku 60 kabla ya mradi kumalizika kwa kawaida. Tatu, mkataba uambatanishwe na mpango wa kuwahamisha wakaaji, unaotaja familia, taasisi au ofisi itakayowapokea, na kwa watoto mpango huo uwe umeonwa na maofisa wa mambo ya kijamii. Nne, isemwe kwamba shirika halihesabiwi kuwa limerudisha nyumba hadi mkaaji wa mwisho aondoke, na kwamba pango litaendelea kuhesabiwa juu yake hadi siku hiyo.

Ikiwa pamoja na hayo yote malipo yatakoma, njia halali ina ngazi zake, na kuziruka humgeuza mwenye haki kuwa mkosaji. Barua ya madai yenye kutoa muda itangulie, na kwa mikataba inayoangukia OHADA muda huo ni mwezi 1 kabla ya kwenda mahakamani. Nakala yake ipelekwe kwa mfadhili, kwa sababu mfadhili anayejua hulipa mara nyingi ili kulinda jina lake. Hatua inayofuata ni usuluhishi mbele ya ofisi ya makazi ya komini, na usuluhishi ukishindikana, hati ya kushindikana kwake ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Kung'oa milango, kuondoa mabati au kukata maji, mbinu zinazotumiwa na baadhi ya wenye nyumba dhidi ya wapangaji wenye madeni, hazina ruhusa ya sheria popote, na zikitumiwa juu ya watoto au wagonjwa, shauri la pango litageuka kuwa shauri la jinai. Pale ambapo shirika limetoweka na watoto wamebaki, ofisi ya kuanzia ni DIVAS, siku ileile, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, ili wajibu wa watoto urudi kwa dola inayoubeba kisheria, na mwenye nyumba abaki na dai lake la fedha peke yake.

Kutokana na hayo, sababu za kukataa zinajulikana: shirika lisilo na utu wa kisheria wala wadhamini, shirika lisiloonyesha tarehe ya mwisho ya fedha zake, na shirika linalosema kwamba suala la wakaaji kuhamia wapi litaangaliwa baadaye. Kati ya hizo tatu, ya mwisho ndiyo nzito, hata shirika likitanguliza pango la mwaka mzima, kwa kuwa fedha hiyo itakwisha na wakaaji watakuwapo. Shirika linalojibu maswali hayo, kinyume chake, ni mpangaji anayefaa: lina ofisi inayoweza kushtakiwa, hulipa kupitia benki, hutengeneza choo na kuweka tangi, na huacha nyumba ikiwa na thamani zaidi. Kwa hiyo kazi ifuate utaratibu huu: hati za shirika na za mfadhili zisomwe, saini za warithi zikusanywe, idadi ya watu ipimwe kwa mita na kwa lita, mpango wa kuhama uambatanishwe, mkataba uthibitishwe katika ofisi ya makazi, hati ya hali ya nyumba itiwe saini, na baada ya hayo yote ndipo funguo zitolewe.